Adabu za Kazini: Namna ya Kumwambia Mkubwa Lililo Kweli



Hapana baraza katika mji wetu ambapo mtu ataketi baada ya alasiri asiyasikie manung'uniko haya: kuwa vijana wetu wamesoma, wana vyeti, na kazi hawazipati, na wale wazipatao hawakai. Kahawa huzunguka, kila mmoja hutaja mtoto wa nduguye au wa jirani yake, na mwisho wa mazungumzo lawama zote huwa zimeangukia watu wasiokuwapo pale barazani.

Sisi hatukatai kuwa dhuluma ipo. Wako walionyimwa haki zao kwa ajili ya majina waitwayo na mavazi wayavaayo, na jambo hilo lina mahali pake pa kushitakiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imekataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Mwenye ushahidi na ashitaki, nasi tutasimama pamoja naye. Lakini leo hatutaki kusema juu ya mlango tuliofungiwa na wengine. Twataka kusema juu ya mlango tuliofunguliwa, tukaingia, kisha tukatoka kwa miguu yetu wenyewe.

Miezi michache iliyopita alitujia kijana mmoja wa darasa letu la baina ya magharibi na isha. Ana stashahada ya uhasibu, na hesabu zake ni nzuri. Tuliwahi kumpa daftari la michango ya madrasa alitazame, na kwa usiku mmoja alitutolea kosa ambalo sisi tulilipita mwaka mzima. Kijana huyu katika miaka miwili ameingia kazi tatu na kutoka zote tatu. Ya kwanza, msimamizi alimkosoa mbele ya wenziwe, naye akaona amevunjiwa heshima. Siku ya pili hakurudi. Ya pili, alichelewa mara nyingi, na kila akipigiwa simu alisema yuko njiani. Ya tatu ndiyo iliyomleta kwetu. Aliona kosa katika hesabu za malipo, akatambua kuwa lilitoka mkononi mwa mkubwa wake, akanyamaza. Mwisho wa mwezi kosa likadhihiri. Mkubwa aliulizwa na wakubwa wake, naye akaja kumwuliza kijana: "Wewe hukuliona?" Akajibu: "Naliliona." "Na kwa nini hukuniambia?" Kijana akasema: "Naliona haya."

"Maalim," alituambia, "si tumefundishwa kuwa haya ni katika imani?"

Tulikaa kimya kitambo, kwa kuwa suala lake lilikuwa la kweli, na kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha. Ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Haya ni katika imani, na atakayesema vinginevyo amekosea. Lakini tulimwuliza kijana: haya yako ilimfaa nani? Mkubwa wako aliaibika mbele ya wakubwa wake. Walioongezewa malipo isivyo haki walitakiwa wayarudishe baada ya kuyatumia. Wewe umepoteza kazi. Haya ya kweli humzuia mtu asitende ovu. Hii yako ilikuzuia usitende wema. Hiyo si haya, mwanangu. Hiyo ni khofu iliyovaa kanzu ya haya, na sisi watu wa pwani twaipenda kanzu hiyo kwa kuwa imetupendeza.

Elimu ya mambo haya, yaani namna ya kusema na kusikiliza, kupeleka khabari, kukosoa na kukosolewa, kufanya kazi na mtu usiyempenda, wataalamu wa zama hizi wameipa jina. Huziita stadi laini. Mwenye kulisikia jina hilo hudhani kuwa limetoka kwa walimu wa adabu. Kumbe lilienezwa na askari. Mwaka 1972 jeshi la Marekani lilifanya mkutano huko Fort Bliss, Texas, juu ya kufundisha stadi hizi. Kumfundisha askari kutumia mashine walikuwa wamekwisha kukujua. Yaliyowatatiza ni yale yasiyokuwa na mashine ya kushikwa: kuongoza watu, kuwasimamia, kupatana nao. Basi neno laini limewekwa mkabala wa chuma, na halina maana ya wepesi. Hapa kwetu nako, mtaala wa umilisi, ulioanza kuenea katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeyataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa mambo saba ya msingi ambayo mtoto hana budi kuyapata. Serikali imekiri kuwa mambo haya hufundishwa, na kwamba mtu hazaliwi nayo kama rangi ya macho.

Na sisi wenye kusoma Kurani tungalipaswa kukiri kabla yao. Nabii Musa alipoamrishwa amwendee Firauni, na hapana mkubwa aliyekuwa jeuri kumshinda yule, yeye na nduguye waliamrishwa wamwambie kwa maneno ya upole. Hawakuamrishwa wanyamaze. Ujumbe ulikuwa mgumu na kauli ikawa laini. Sisi tumeligeuza jambo hili juu chini: ujumbe twaulainisha mpaka ukapotea, kisha kauli twaikaza pale pasipohitaji, kwa wenzetu na kwa walio chini yetu. Na kabla ya kwenda, Musa aliomba afuatane na Harun kwa kuwa ulimi wa Harun ulikuwa fasaha zaidi. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona unyonge kusema kuwa katika jambo hili mwenzangu ananishinda. Ni wangapi kati yetu wawezao kuyatamka maneno hayo mbele ya msimamizi?

Kabla ya kulifikia lile tulilolikusudia khasa, yako mambo mawili madogo ambayo hatuwezi kuyapita, kwa sababu yanatuharibia jina kila siku.

La kwanza ni neno Inshaallah. Neno hili tulifundishwa tulitamke juu ya jambo ambalo tumekata shauri kulitenda, kwa kukiri kuwa uwezo wa mwisho si wetu. Leo tumelifanya pazia. Mtu huulizwa: "Kazi hii itakuwa tayari Alhamisi?" Naye hujibu: "Inshaallah," na moyoni ajua kuwa hata Jumamosi haitakuwa. Asiyekuwa Mwislamu akilisikia hivyo mara tatu hujifunza maana yake kutokana na vitendo vyetu, akaamini kuwa Inshaallah ni namna ya watu wa pwani ya kusema hapana. Dhambi ya kumfundisha hivyo ni ya nani? Kama kazi haitakuwa tayari Alhamisi, sema: "Alhamisi haitawezekana; Jumatatu, Inshaallah, utaipata," kisha Jumatatu mpe.

La pili ni ndugu yake wa kwanza, yaani uwongo wa simu ya mkono. Mtu hupigiwa simu angali nyumbani, akajibu kuwa yumo ndani ya feri, na nyuma yake yasikika birika likichemka na mtoto akililia viatu vyake. Msimamizi husikia yote hayo akanyamaza. Asidhani mtu kuwa kule kunyamaza ni kuamini. Kuna daftari moja lisiloandikwa ambalo kila mkubwa huliweka kichwani mwake, na siku ya kupandishwa watu vyeo ndilo afunualo kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni khabari mbaya. Twaona kuwa stadi zote za kazini mwisho hupimwa hapa: mtu aliyeliona baya mapema, naye ni mdogo, atamwambia mkubwa au hatamwambia, na akimwambia atamwambiaje. Kusema mazuri kila mtu aweza.

Na tuanze na nafsi yetu. Tulipokuwa na umri wa miaka 23, kabla ya kukaa kufundisha, tulifanya ukarani katika ghala la tajiri mmoja ambaye hatumtaji. Ulikuwa wakati wa masika. Asubuhi ya Jumatatu tuliona tone la maji likianguka kutoka kwenye bati, upande yalikopangwa magunia ya sukari. Tajiri yule alikuwa mkali wa ulimi. Juma lililotangulia hamali alimletea khabari ya gunia lililopasuka, naye akamtukana hamali kana kwamba ndiye aliyelipasua. Basi sisi tukafanya hekima yetu: tukatafuta beseni, tukaliweka juu ya magunia, chini ya lile tone, tukarudi kwenye daftari letu. Jumanne tukalimwaga. Jumatano tukalimwaga. Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na tulipofungua ghala yalikuwa yameloa magunia 18, kila moja kilo 50.

Tajiri alikuja, akatazama juu, akatazama magunia, kisha akaliona beseni. Akauliza: "Beseni hili limewekwa lini?" Tukasema: "Jumatatu." Tulingoja matusi. Hakutukana. Alisema kwa sauti ya chini maneno ambayo mpaka leo hatujayasahau: "Sukari nitanunua nyingine. Lakini tangu leo kila nikiingia humu itanibidi nitazame mwenyewe juu mpaka chini, kwa kuwa sijui ni lipi jingine ulilolitilia beseni."

Tulikaa naye mwaka mzima baada ya hapo. Mshahara alitulipa kamili kila mwezi. Funguo za ghala hakutupa tena.

Yule tajiri alikuwa na sehemu yake ya makosa, na tutamrudia. Lakini wako watakaosema kuwa sukari ni jambo dogo, na kwamba kunyamaza kwa karani hakuwezi kulinganishwa na mambo makubwa ya dunia. Kwa hao tutaeleza kisa cha ndege mbili.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, kilicho chini ya Hispania karibu na pwani ya Afrika ya Magharibi, ndege mbili kubwa za namna ya Boeing 747 zilikuwa katika kiwanja kimoja kidogo. Zilikuwa zimepelekwa pale kwa sababu kiwanja cha kisiwa jirani kilifungwa baada ya bomu kulipuka. Ukungu ulitanda. Ndege ya shirika la KLM la Uholanzi ilisimama mwisho wa njia ya kurukia. Ndege ya Pan Am ya Marekani ilikuwa ingali inatembea juu ya njia ile ile, na hapana aliyeweza kumwona mwenzake. Nahodha wa ndege ya Kiholanzi alikuwa mtu mkubwa katika shirika lake. Yeye ndiye aliyewafundisha marubani wengine kuirusha ndege ya namna ile. Mara ya kwanza alipotaka kuondoka, msaidizi wake alimkumbusha kuwa ruhusa haijapatikana, naye akajizuia. Mara ya pili alianza kukimbiza ndege na ruhusa ya kuruka hajapewa. Msaidizi hakumzuia tena. Fundi wa mitambo, aliyeketi nyuma yao, alisikia katika redio maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ndege ya Pan Am bado haijaondoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kuwa imekwisha kuondoka. Fundi akanyamaza. Baada ya sekunde chache ndege mbili ziligongana, wakafa watu 583.

Yafikirini haya, ndugu zetu. Fundi yule aliliona jambo. Alikuwa na ulimi, na kwa kweli aliutumia: aliuliza. Lakini aliuliza kama aulizavyo mtu mwenye haya, naye mkubwa akamjibu kama ajibuvyo mtu mwenye hakika, na baina ya haya ya mmoja na hakika ya mwingine zikapotea roho za watu waliokuwa wakienda kutembea.

Waliosimamia mambo ya ndege hawakusema kuwa ni kudra wakaliacha. Ajali hiyo, pamoja na nyingine za mfano wake, iliwafanya watafute dawa. Mwaka 1979 idara ya Marekani ya mambo ya anga, NASA, iliitisha mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha watu wake, wakubwa kwa wadogo, namna ya kusemezana. Leo mafunzo hayo yameenea ulimwenguni. Katika mafunzo hayo mdogo hufundishwa asitupe swali hewani. Hufundishwa amwite mkubwa kwa jina au cheo chake, ili ajue kuwa yeye ndiye anayesemeshwa, aseme kuwa ana wasiwasi, aseme alichokiona, ataje shauri lake, kisha amwulize mkubwa kama anakubali. Mambo matano, nayo hayachukui nusu ya dakika. Laiti tungaliyajua Jumatatu ile, tungalisema: "Bwana, nina wasiwasi juu ya sukari. Bati la upande wa nyuma linavuja tangu asubuhi. Naona tuyahamishe magunia yaliyo chini yake leo. Waonaje?" Hapo hapana ujeuri hata chembe, na mama yetu angaliyasikia asingaliona aibu.

Na mwenye kudhani kuwa adabu hii ni ya kigeni na aisome sira. Katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624, Mtume (rehema na amani zimshukie) alifika Badri na jeshi lake, akapiga kambi. Mmoja katika Ansari, Al-Hubab bin Al-Mundhir, aliona kuwa mahali pale hapafai. Kama ilivyopokewa katika sira, hakusema palepale kuwa hapafai, wala hakwenda kuwanong'oneza wenziwe hemani. Alimwendea Mtume mwenyewe, akamwuliza kwanza: mahali hapa ni Mwenyezi Mungu aliyekuweka, tusipate kusogea mbele wala nyuma, au ni rai na hila za vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, ndipo aliposema kuwa basi hapa si mahali, akaeleza sababu, na akatoa shauri zima: wasogee mpaka kisima kilicho karibu na adui, visima vingine wavifukie, wajijengee birika, ili wao wawe na maji na adui asiwe nayo. Mtume akalikubali, na jeshi likahama.

Angalieni mpangilio wake. Alianza kwa kuuliza mpaka wa mamlaka: hili ni amri isiyojadiliwa au lina nafasi ya shauri? Swali hilo kila mfanyakazi angalipaswa kuwa nalo mfukoni, kwa kuwa yako mambo ambayo mkubwa wako mwenyewe ameamrishwa na hana uwezo wa kuyageuza, na kubishana naye juu ya hayo ni kumchosha bure. Kisha akaleta sababu. Kisha akaleta dawa. Mtu aletaye aibu ya mkubwa bila ya dawa ameleta mzigo. Aliyeleta na dawa pamoja ameleta msaada. Na upande wa pili mtazameni aliyeambiwa. Yeye ndiye kiumbe bora, na hakuona kuwa amevunjiwa heshima mbele ya jeshi lake.

Tena, jambo hili si geni katika pwani yetu, na hapa ndipo tunapohuzunika zaidi. Waulizeni wazee waliosafiri na majahazi. Chombo kikikaribia miamba, kijana huwekwa omo atazame maji. Yaweza kuwa ndiye mdogo wa wote chomboni, ndiye anayepika na kuosha vyungu. Lakini akiona rangi ya maji imegeuka, hangoji aulizwe, wala hapiti kwa sarahangi kuomba idhini. Hupiga ukelele, na nahodha aliyeko tezi, mwenye ndevu nyeupe na safari zisizohesabika, hugeuza chombo kwanza, masuala yakafuata baadaye. Nahodha aliyempiga kijana wa omo kwa kupiga ukelele wa bure, safari ya pili kijana atanyamaza, na mwamba hautanyamaza.

Ile ilikuwa skuli. Duka la mjomba lilikuwa skuli, na kibanda cha fundi seremala kilikuwa skuli. Mwaka 1951 kilipofunguliwa hapa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho kwa kukua na kubadilika majina kimekuwa tangu mwaka 2013 chuo kikuu cha ufundi, wanafunzi wengi waliingia wakiwa wamekwisha kulelewa katika kazi za wazee wao. Chuo kikawapa ufundi wa mkono; ulimi na masikio walikuja navyo. Leo mtoto hutoka skuli akaenda chuoni, akatoka chuoni akaenda ofisini, na katikati hakuwahi kufanya kazi chini ya mtu hata siku moja. Kisha twashangaa akikosolewa mara moja akavua kitambulisho akarudi nyumbani kulala.

Juu ya kukosolewa hatutarefusha. Kukosolewa mbele za watu ni uchungu, na msimamizi afanyaye hivyo amekosa adabu. Lakini kosa lake halikupi ruhusa ya kukosa riziki. Pokea, tengeneza kilichoharibika, kisha jioni mwendee peke yake umwambie: "Bwana, kosa nimelikubali na nimelitengeneza. Nakuomba siku nyingine uniite kando." Wengi hutahayari wakaomba radhi. Asiyetahayari umemjua, nawe ungali na mshahara wako wakati unapotafuta kwingine. Na ukigombana na mwenzako wa kazi, mwendee yeye kabla ya kuwaendea watu sita wengine. Tumeona ofisi zilizogawanyika makundi mawili yasiyosalimiana, na ukichimba chanzo chake ni kikombe cha chai.

Sala nayo ina mlango huu huu. Wako vijana ambao kila Ijumaa hutoweka saa sita, wakarudi saa nane na nusu, hawakuaga, kisha wakiulizwa husema wanaonewa kwa dini yao. Siku ya kwanza ya kazi, wala si ya kumi, mwendee msimamizi umwambie saa utakayotoka, saa utakayorudi, na namna utakavyoufidia wakati huo. Tumewajua watu wasiokuwa Waislamu ambao waliwapangia wafanyakazi wao zamu kwa mujibu wa sala, kwa sababu tu waliombwa mapema na kwa kauli nzuri.

Na binti zetu walio katika kazi za uuguzi, ualimu na benki tusiwasahau. Wao tumewatwika mzigo maradufu, kwa kuwa tumewalea wakaamini kuwa sauti ya chini ni kutokuwa na sauti. Muuguzi aliyeona daktari amekosea kipimo cha dawa akanyamaza kwa heshima, mgonjwa ndiye atakayeilipa heshima hiyo. Mama na amfundishe bintiye kusema kwa utulivu mpaka asikiwe, kama amfundishavyo kupika.

Sasa tuwageukie matajiri na wasimamizi walio miongoni mwenu, kwani kila tulilolisema juu ya mdogo ni kazi bure kama mkubwa ameziba masikio. Tajiri yetu wa sukari alistahiki kukasirika. Lakini lile beseni ni yeye aliyelinunua, siku ile alipomtukana hamali. Alitufundisha sote tuliokuwa pale kuwa mleta khabari mbaya hulipwa matusi, nasi tulikuwa wanafunzi wepesi. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu udogoni, na amepokea kuwa katika miaka yote hiyo hakuambiwa hata neno dogo la kuchoshwa, wala hakuulizwa kwa kulaumiwa kwa nini amefanya hili au ameliacha lile. Mwenye duka la wafanyakazi watatu aweza kulianza jambo hili kesho: kila jioni kabla ya kufunga awaulize, "Leo ni lipi lililoharibika?" Na wa kwanza kusema amshukuru kabla ya kuuliza chochote. Juma la kwanza watamtazama kwa shaka. Asichoke.

Katika darasa letu tumeanza zoezi, na twazinasihi darasa nyingine zilijaribu. Baada ya isha, siku moja kwa juma, vijana hukaa wawili wawili. Mmoja huwa mkubwa wa kazi, mwingine huleta khabari mbaya: fedha zimepungua, mzigo umechelewa, mteja amekasirika, au mkubwa mwenyewe amekosea. Husema yale mambo matano, na wengine husikiliza kama kuna lililoachwa. Mwanzo walicheka sana. Walio hodari wa kuhutubia juu ya mimbari ndio waliopata tabu kuliko wote, nasi hatutawataja, ila mmoja wao ndiye aandikaye maneno haya.

Na yule kijana wa hesabu? Tulimwambia aende kwa mkubwa wake wa kazi ya tatu, asiende kuomba kazi, bali kusema: naliliona, nalinyamaza, nalikosa. Alikwenda. Mkubwa alimsikiliza, akamwagizia chai, akamwambia kuwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Alirudi kwetu amevunjika moyo, na hatukuwa na la kumwambia ila kuwa aendelee kuja darasani.

Sasa yuko katika duka moja la vipuri vya magari, kwa ujira mdogo kuliko anaostahiki. Juma lililopita alitujia baada ya sala akatusimulia kuwa ameona risiti ya mzigo iliyolipwa mara mbili, na kwamba aliyeilipa ni mwenye duka mwenyewe. Alimwambia siku ile ile, na sauti ikimtetemeka. Tulimwuliza alisemaje. Akatukariria maneno yake yote, nasi tukahesabu kwa vidole: yalikuwa mambo manne. La tano, la kumwuliza mwenye duka kama anakubali, hakuwahi kulisema, kwa sababu yule mzee alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kuinuka kwenda kuitafuta risiti.